Ufunguo wa Ganuni

Ganuni niliyoitengeneza mimi haikuwa na ubao wala nyuzi. Ilikuwa ukurasa wa intaneti, na nyuzi zake zilikuwa mistari niliyoichora kwa rangi ya shaba juu ya kahawia. Ukiupeleka mshale wa mausi juu ya mstari na kubofya, mstari ulitikisika kidogo na uzi ukalia. Mpaka leo huwa naisikia nikiwa baina ya kulala na kuamka, na huwa najiuliza kama ninayoisikia ni ile ya mbao au ile ya kioo.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta chuoni Dar es Salaam na nimerudi Unguja kungojea kazi. Nilikuwa msichana wa kufikiri kila kitu mara nyingi kuliko kinavyostahiki. Nikiitikiwa salamu kwa sauti ya chini njiani, nilishinda nikijiuliza nimekosa nini. Nikituma barua ya kuomba kazi, niliisoma tena baada ya kuituma, nikaona kila sentensi inajipendekeza au inajivuna. Mama alisema akili yangu ni feni iliyoharibika swichi, haizimiki hata kukiwa na baridi.

Wakati ule nilishika nafasi katika duka la intaneti Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya zamani ambayo ghorofani walikaa watu nisiowaona, nikisikia tu ndoo zao zikiburutwa. Kuta zilikuwa nene na mwanga uliingia umeshachoka. Watalii walikuja kuwaandikia watu wao wakiwa na mchanga miguuni. Baada ya chakula cha mchana, mji unapojinyoosha na kusinzia, nilibaki peke yangu na mngurumo wa mashine, na wakati huo ndio nilioupenda, kwa sababu hata mawazo yangu yalipunguza mwendo.

Mchana mmoja kama huo mgeni aliondoka bila ya kuufunga ukurasa wake. Kwenye kioo palikuwa na kinanda kilichochorwa, vibao vyeupe na vyeusi, na hapakuwa na kitu chengine. Nilibofya kibao kimoja. Sauti ilitoka katika spika ndogo kama inayotoka chini ya maji. Nikabofya chengine. Hakuna programu ya kinanda iliyokuwa imewekwa katika ile kompyuta. Nilikuwa na hakika, kwa sababu mimi ndiye niliyeisafisha asubuhi. Kinanda kizima kilikuja kwa waya wa simu ndani ya ukurasa, na ukurasa ukifungwa kingeondoka.

Sikuufunga. Niliutazama ndani. Hilo ndilo nililolipenda katika kurasa za intaneti tangu chuoni: kivinjari chochote kinakuruhusu kuyasoma maandishi yaliyoujenga ukurasa. Hapa ndipo picha inapowekwa, hapa ndipo mbofyo unaposikilizwa, hapa ndipo faili la sauti linapoitwa lije lilie. Waliokitengeneza kinanda hawakuficha kitu, si kwa ukarimu labda, bali kwa kuwa ndivyo mambo yenyewe yalivyo. Kivinjari hakiwezi kukuonesha ukurasa kabla ya kukabidhiwa maneno yake yote. Nilisoma mstari baada ya mstari, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba ngeni gizani, na nilipofika chini nilikuwa namfikiria mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mpiga ganuni katika kikundi cha taarab kilichofanya mazoezi ghorofani, vichochoro vichache kutoka dukani. Ganuni hulazwa mapajani. Ina nyuzi nyingi zilizotandazwa toka nene mpaka nyembamba, na hupigwa kwa mikono miwili, kila kidole cha shahada kikiwa kimevishwa pete yenye ukucha. Mwaka niliokuwa namaliza chuo, mjomba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala. Maneno nayo yakamtoka, yote isipokuwa naam, lile neno ambalo mtoto wa Unguja hufundishwa aitikie anapoitwa. Umuulize kama ameshiba, naam. Umuulize kama ana njaa, naam. Mkewe alizisoma naam zake kwa kumtazama machoni, na hata yeye alikuwa akikosea, akampelekea chai mtu aliyetaka kugeuzwa upande.

Kabla ya kuugua alikuwa anatunga bashrafu. Bashrafu ni muziki mtupu, hauna maneno. Ndio unaofungua shughuli, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Yake ilikuwa karibu kwisha. Wenzake walishazishika sehemu zote isipokuwa ya mwisho, ile inayozungushwa tena na tena mpaka kufunga. Hiyo alikuwa nayo kichwani, akisema bado haijaiva. Muziki hawakuuandika, mmoja alipiga na wengine wakashika. Sasa sehemu ile ilikuwa ndani ya mjomba na haina pa kutokea. Mkono haukuweza, ulimi haukuweza, na akijaribu kuimba kwa pua ilitoka sauti moja iliyonyooka kama waya. Kiongozi wa kikundi, mzee mpiga fidla, alikuja Chukwani, nyumbani kwa mjomba, kumtazama na akasema kwa upole kwamba walitamani kuipiga bashrafu ile Idi ijayo, ila bila ya mwisho haipigiki, itabidi wapige ya zamani. Mjomba aliitikia naam, na macho yake yakajaa maji.

Kwa hivyo, mbele ya kile kinanda cha mgeni, niliona jambo zima kwa mara moja, kama unavyoona ndotoni: kidole kimoja, mausi, na ganuni isiyohitaji mkono wa pili.

Nilimfuata mpiga fidla kwenye chumba cha mazoezi nikamwomba ruhusa ya kurekodi nyuzi. Aliniuliza, mimi msomi, hiyo ganuni nitaitia wapi, ndani ya tivii? Nikamwambia ndani ya ukurasa. Alifikiri kidogo, akasema haya, ilimradi isitoke kwenye kile chumba. Basi mchana, duka likiwa tupu, nilipanda ngazi na kirekodi kidogo, nikaitoa ganuni katika sanduku lake, nikapiga uzi mmoja mmoja na kuungoja ufe wenyewe. Kunguru walilia juu ya bati, Vespa zilipita chini, mtu akauza kitu kwa kuita. Usiku wake nilikaa na zile sauti kwenye kompyuta nikiwaondoa kunguru. Nilihangaika sana na kunguru. Nilijiuliza kama kuwaondoa ni udanganyifu, kwa kuwa ganuni ile ilizeeka pamoja nao.

Kila uzi ukawa faili lake, na ukurasa ukajua uuite upi. Nilichora ubao, nikachora nyuzi, na pembeni nikachora safu ya vigingi, vile vijiti ambavyo nyuzi hufungwa kwavyo. Vigingi vilikuwa urembo tu, kwa sababu bila ya vigingi ganuni ilionekana kama imevuliwa nguo. Nilipoijaribu dukani kupitia intaneti yenyewe, mafaili yalikuja kwa kujivuta na nyuzi zikawa zinaamka mojamoja. Ulibofya bubu, ukabofya bubu, mara mmoja ukalia peke yake katikati ya wenzake waliolala. Nilikaa pale nikizingojea zote ziamke. Sidhani kama niliwahi kuwa mtulivu hivyo tangu nimalize mitihani.

Nyumba ya mjomba haikuwa na simu. Mwenye duka aliniazima kompyuta iliyochakaa, yenye kioo kizito na mausi ya zamani, nikaipeleka Chukwani kwa teksi pamoja na CD yenye ule ukurasa. Mkaza mjomba, mkewe mjomba, alinitazama nikiunganisha waya. Alipoona hakuna waya unaotoka nje, aliuliza intaneti itaingilia wapi. Nikamweleza kwa kirefu kwamba ukurasa hauhitaji intaneti, intaneti ni njia ya kuufikisha tu, na ukishafika kivinjari huusoma hata ukiwa umetoka mfukoni kwako. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe barua," alisema. "Na wewe umeileta kwa mkono, umemnyima kazi mtu wa posta."

Tukamkalisha mjomba, mausi upande wa kushoto. Alijifunza kuuongoza mshale upesi kuliko wazee wengi waliokuja dukani. Akaufikisha kwenye uzi, akabofya, uzi ukalia. Uso wake ulikunjika. Akabofya mwengine, akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Akabofya wa tatu, kisha akaugeuza uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka nikaondoka.

Siku zilizofuata nilijitesa kwa raha zangu. Nilifikiri ni rangi. Nilifikiri ni spika. Nilifikiri nimemtukana, kwamba mtu aliyeshika mbao maisha yake yote nimempa kidude cha kuchezea watoto, na kwamba nilimfanyia yeye kwa jina tu, ilhali nilikuwa najifanyia mimi, ili nipate cha kusema watu wakiniuliza nimesomea nini. Nilipita njia ya mbali nisikutane na mpiga fidla. Hata mama nilimkwepa, na tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Mwishowe mkaza mjomba akatuma ujumbe niende. Nilimkuta mlangoni, kidole mdomoni, akanivuta mpaka dirishani ili nitazame ndani bila ya kuonekana.

Mjomba alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Mkononi alikuwa na ufunguo wa ganuni. Ni kitu kidogo cha shaba, tundu lake linaingia juu ya kigingi, na ukikizungusha kigingi uzi unakaza au unalegea. Ufunguo ule ulikaa chini ya mto wake tangu alipougua. Watu wa kikundi walikuja kuuomba na yeye akafumba ngumi, wakauacha, kwa kuwa miongoni mwao mtu haipigi shughulini ganuni ya mwenzake kabla mwenyewe hajailinganisha, yaani kuzikaza nyuzi mpaka sauti zipatane, na fidla yenyewe huchukua sauti yake kutoka kwenye ganuni. Sasa alikuwa ameuweka ufunguo juu ya kioo, juu ya kimoja cha vile vigingi vyangu vya urembo, na anauzungusha. Shaba ilikwaruza kioo. Aliuzungusha, akauweka chini, akashika mausi, akabofya uzi, akasikiliza. Akauchukua tena ufunguo.

"Tangu asubuhi," alinong'ona mkaza mjomba. "Nlidhani keshaharibikiwa na akili."

Nilirudi mjini na nikapanda ngazi za chumba cha mazoezi bila ya kupumzika.

"Shikamoo. Ile ganuni ililinganishwa lini mara ya mwisho?"

"Marahaba. Na yeye mwenyewe, kabla hajaugua," alisema mpiga fidla. "Ufunguo si anao yeye?"

"Na mimi nimeirekodi hivyo hivyo, imelegea yote. Mbona hukunambia?"

"Nlijua kompyuta inajirekebisha yenyewe." Aliufuta upinde wa fidla yake kwa kitambaa, polepole. "Wewe mwenyewe hukusikia?"

"Sikusikia."

"Haya. Basi tusilaumiane."

Nilikuwa nimewaondoa kunguru wote na kuuacha ugonjwa. Mwaka mzima wa unyevu na upweke wa ile ganuni ulikuwa umo ndani ya kila faili, umesafishwa vizuri, na mimi nilimpelekea mtu mwenye sikio lile nikamwambia piga.

Sikuweza kuzikaza nyuzi, zilishakuwa sauti. Nilichoweza ni hiki. Kwa kila uzi nilitengeneza ndugu zake: sauti ileile ikiwa imepandishwa kwa unywele, tena kwa unywele mwengine, na nyengine zilizoshushwa hivyo hivyo, mpaka kila uzi ukawa na ukoo. Kisha nikavipa uhai vigingi. Ukiuburuta ufunguo mdogo niliouchora na kuuzungusha juu ya kigingi, ukurasa haukukaza kitu. Uliliacha faili moja na kuchagua jirani yake. Nilijiuliza kama huo nao si uongo, kigingi kisichokaza, kisha kwa mara moja maishani nikaliacha swali bila ya jibu, kwa sababu Idi ilikuwa inakaribia.

Alianza kulinganisha siku ileile niliyoupeleka. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza hivyo. Alibofya uzi, akazungusha, akabofya, akafumba macho, akarudi nyuma kwa unywele. Jua lilisogea kutoka miguuni mwake mpaka ukutani. Mkaza mjomba aliingia na kutoka. Alasiri ikaadhiniwa, akasali amekaa, akaendelea. Alipofika karibu na nyuzi nyembamba umeme ukakatika.

Kioo kilizima. Ukurasa hauna kumbukumbu yake wenyewe. Ukiufunga unasahau kila kitu, na ukiufungua tena ni mchanga kama siku ya kuzaliwa; nilikuwa sikuupa pa kuweka alichokifanya. Nilimwomba radhi. Nikamwomba tena. Nikamweleza kwamba kuna njia, kivinjari kinaweza kuwekewa kijikaratasi cha kukumbukia, nitaiandika usiku huuhuu. Aliniangalia kama anaiangalia feni ile ya mama. Umeme uliporudi, akaushika mausi na kuanza upya kutoka uzi mnene, bila ya haraka na bila ya hasira, na nikakumbuka kwamba ganuni ya kweli nayo husahau. Kila siku ya maisha yake alikuwa ameikuta imelegea akaianza upya. Kile kijikaratasi sikukiandika.

Siku zikawa hivyo. Nilimaliza dukani, nikenda Chukwani, nikamkuta keshalinganisha au yumo katikati, na bahari ikipumua nyuma ya nyumba. Siku moja, baada ya kuulinganisha uzi wa mwisho, hakuutoa mkono. Akabofya uzi wa kati. Ukalia mpaka ukafa. Akautafuta mwengine kwa mshale, akaufikia, akabofya. Baina ya sauti moja na nyengine mtu angeweza kunywa funda la chai. Mkaza mjomba alikuwa uani anakuna nazi, na baadaye aliniambia alidhani bado tunalinganisha. Mimi pia. Kisha niliona kwamba hagusi vigingi.

Alipomaliza aliegemea, jasho limemtoka. Mimi sikuwa nimesikia muziki wowote. Nilikuwa nimesikia matone.

Ukurasa ulihifadhi kila mbofyo na wakati wake mpaka ufungwe, na nilikuwa nimeweka kitufe cha kurudia, chenye mstari wa kuongeza mwendo. Sikukiweka kwa kuona mbali. Nilikiweka kwa sababu kinanda cha mgeni kilikuwa nacho. Nikabofya. Matone yakaja tena. Nikauvuta mstari kidogo, yakakaribiana. Nikauvuta zaidi, na hapo pakatokea kitu ambacho mwili wangu ulikijua kabla yangu, nywele za mikono zikasimama. Ilikuwa sauti inayopanda, inasita, inageuka nyuma kutazama, kisha inapita upande mwengine. Alikuwa ameupima mwendo wake ndani ya ule upole wote, kila sauti ndefu kwa kiasi chake, kama mtu anayetembea polepole mno lakini hakosei njia.

Ukunaji wa nazi ukanyamaza uani. Mkaza mjomba alikuja mlangoni, mikono myeupe.

"Hii ndiyo aliyokuwa akiiimba bafuni," alisema. "Nkimgongea mlango, anaikata."

"Naam," alisema mjomba. Safari hii sote tuliielewa.

Mpiga fidla alikuja kesho yake kwa Vespa, fidla mgongoni. Nilimrudishia muziki mara kadhaa kutoka kwenye ukurasa, tuliouacha wazi usiku kucha, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaiweka fidla begani na kuipiga sehemu nzima, na chumba kikajaa. Mimi ndiye niliyeharibu. Katikati ya mzunguko, pale sauti inaposita, kulikuwa na uzi uliolia mara mbili mfululizo, ta-ta, na yeye aliupiga hivyo hivyo. Nami usiku ule sikuwa nimelala kwa ajili ya ta-ta ile. Kitufe cha mausi kilikuwa kimechakaa. Ukikibonyeza mara moja, mara nyengine kilibonyea mbili. Nilikwishakijaribu peke yangu. Baadhi ya siku kilifanya, baadhi hakikufanya. Nikamwambia hayo yote, na kwamba huenda tunamtilia mjomba kitu kisichokuwa chake, ndani ya kitu pekee alichobaki nacho.

"Muulize," alisema.

Nikapiga magoti mbele ya mjomba. "Mjomba, hapa umebofya mara mbili?"

"Naam."

"Au umebofya mara moja, mausi ikarudia?"

"Naam."

"Mshamaliza kesi?" aliuliza mpiga fidla. "Maana mimi nna mazoezi mjini." Nilimwambia si jambo la mzaha. Alipojibu mzaha haukuwamo. "Mimi ntapiga nlichokisikia. Kama si chake, atatukata mwenyewe."

"Atakukateni vipi, na kusema hawezi?"

"Mlete mazoezini. Utaona vipi."

Tukampeleka mazoezi ya mwisho kabla ya Idi, mchana, kwa teksi. Wanaume wa kikundi walimpandisha ngazi akiwa juu ya kiti, wakitaniana nani kamwachia uzito mwenzake, naye akiwaitikia naam naam kama mtawala. Madirisha yalikuwa wazi. Aliyekuwa apige ganuni badala yake alikuwa mwalimu wa skuli, mtu mzima mwenye ndevu, na alikaa mbele ya sanduku bila ya kulifungua. Mjomba aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akautoa, akaifungua ngumi. Mwalimu akauchukua ufunguo kwa mikono miwili.

Ilichukua muda mrefu. Mjomba alikuwa ubavuni mwake, kidole juu, kikipanda na kushuka kwa kila uzi, na sisi wengine tulikaa tukisikiliza ganuni ikirudi nyumbani kwake kidogo kidogo. Kunguru walikuwa juu ya bati. Nilifurahi kuwasikia. Mpiga fidla alipochukua sauti yake kutoka kwenye ganuni, wote wakachukua, na bashrafu ikaanza.

Sehemu za mwanzo nilizisikia kama mtu anayesikia kupitia ukuta. Nilikuwa nakitazama kidole cha mjomba, kile cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichokuwa kikigonga goti lake pamoja na muziki. Wakaingia sehemu ya mwisho. Sauti ikapanda, ikasita. Kundi lote likapiga ta-ta, na kidole cha mjomba kikagonga mara moja.

Mara moja tu. Kikabaki hewani. Mjomba aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa na hajui na nani. Nikamtazama mpiga fidla, naye alikuwa keshaona, jicho lake liko kwenye kile kidole, lakini mkono hakuusimamisha. Nilikuwa nakijua nilichokuwa nikikiogopa na sasa kilikuwa mbele yangu: ilikuwa ni mausi. Watu wazima wote wale, na fidla, na ganuni, walikuwa wanapiga kitufe kibovu.

Mzunguko ukarudi, upesi kidogo kuliko mwanzo. Sauti ikapanda. Kidole kilikuwa bado hewani. Ikasita, na kundi likapiga ta-ta, na kidole kikashuka juu ya goti mara mbili, taratibu, mara ya pili kizito kuliko ya kwanza, na mjomba akacheka. Hakukuwa na naam ndani yake. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kabla ya maradhi, tulichokisahau.

Mpiga fidla akageuza uso dirishani na kuuzidisha mwendo. Mzunguko wa tatu ulikuwa unakuja, niliusikia unapanda. Sikumtazama tena mtu. Nilifumba macho, nikaingojea ta-ta.